Kuwapa Mgongo Wakubwa

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje tangu upasuliwe? Wamekupa mto wa kuliegemeza? Huku sisi ni wazima, ila Baba anakohoa na hataki kusikia habari ya dawa. Anakusalimu.

Uliniambia nifagie banda la mbao za kutelezea juu ya mawimbi, nifunge, nikae na ufunguo mpaka urudi. Jumamosi nilikuwa nafagia, wakatokea wanafunzi wako watatu na mataulo mabegani: Kinyozi, Nesi, na Mwalimu wangu wa hisabati. Nikawaambia hujarudi. Kinyozi akasema, "Tunajua. Lakini wewe ni mkia wa shangazi yako tangu ulipoota meno. Tufundishe." Nikamtazama Mwalimu nikidhani atakataa. Akasema, "Jumatatu nafundisha mimi, Jumamosi utafundisha wewe. Hesabu iko sawa."

Basi nimewafundisha, usinikasirikie. Kusimama juu ya ubao ulishawafundisha. Kilichobaki ni kukata kona. Niliwapanga mchangani, nikasimama mbele yao kwa adabu, tukatazamana, nikawaonyesha kama unavyosema: jicho, bega, kiuno, kisigino. Mchangani walipendeza. Majini wote watatu waligeuka kushoto, wimbi linakovunjikia, povu likawafunika. Wimbi letu lazima ulikate kulia, na nilipiga kelele za kulia mpaka sauti ikakauka. Kinyozi alipoibuka alisema, "Nimezoea kunyoa watu. Leo nimenyolewa, na maji yalikuwa mengi."

Nesi hakucheka. Amesema akishindwa tena ataacha, kwa sababu siku yake ya mapumziko ni hiyo moja tu, na hataki kuimaliza akitema maji ya chumvi. Nakosea wapi?

Mwanao


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, limefungwa kama mtoto mchanga. Mgonjwa wa kitanda cha jirani anakoroma kama injini ya boti, ila hayo si maradhi yangu. Mwambie baba yako anywe dawa. Kikohozi hakiogopi ukaidi.

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilipofika hapo uliposimama mbele yao kwa adabu, nilicheka mpaka muuguzi wa zamu akaja kuangalia kama nimezidiwa. Mwanangu, ukiwa umewaelekea, ukigeuka kulia kwako, wao wanakuona unakwenda kushoto kwao. Mdomo wako unasema kulia, macho yao yanaona kushoto. Na mwili ni mtoto mdogo: haufuati unachoambiwa, unafuata unachoona.

Wape mgongo. Wasimame nyuma yako, wote muitazame bahari, wakuige kama kivuli. Wewe hukulijua hilo kwa sababu hukujifunza mchangani. Ulijifunzia majini, nyuma yangu, kama kifaranga.

Nesi asiache. Huyo ana kiuno cha kazi hii, hajajua tu.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini jirani yako amepunguza kukoroma. Baba amekunywa dawa, lakini kwa siri, ili asionekane amekusikiliza.

Barua yako ilinipa tabu. Nyumbani nimefundishwa kwamba mkubwa hapewi mgongo. Shuleni vilevile, na aliyenifundisha shuleni ndiye huyo huyo aliyesimama mchangani na kaptula. Nikasema, "Wakubwa zangu, naomba radhi, nitawapa mgongo." Mwalimu akajibu, "Darasani huwa unanipa mgongo ukiongea na rafiki yako, wala huombi radhi." Sikujua nicheke au nijizike mchangani.

Lakini imefanya kazi. Nesi ndiye aliyeanza. Alishuka na wimbi, akakunja magoti, akatazama kulia kabla ubao haujakwenda huko. Bega likafuata jicho, kiuno kikafuata bega, kisha akaukandamiza ukingo wa ubao. Maji yakaruka nyuma yake kama shuka linalokung'utwa. Alipotoka majini alikaa mchangani. Baadaye akasema wiki nzima huwa anakwenda anakoitwa, leo amekwenda alikotazama.

Wanakuulizia. Ubao wako nimeupaka nta mpya na kuuegemeza karibu na mlango, ili uwe wa kwanza kuuona. Utarudi lini?

Mwanao


30 Aprili

Shangazi,

Sijapata jibu lako, na Baba amenieleza kwa nini. Daktari amesema utatembea vizuri, lakini goti halitakubali tena kusimama juu ya ubao. Baba amesema pia umemwomba atafute mtu wa kuchukua banda na kila kilichomo. Akaniambia nikuache upumzike. Nimemtii kwa majuma kadhaa. Leo nakusumbua, kwa sababu nina tatizo la kazi.

Kinyozi sasa anakata kona, na sifa zake wateja wake wamechoka kuzisikia. Mwalimu hawezi. Anageuka kulia vizuri, kisha anaanguka kabla hajaimaliza kona. Ananiuliza kosa lake nami silijui, kwa sababu nikionyesha, nimewapa mgongo. Nikigeuka kuwatazama, wanarudi kushoto. Majini nipo juu ya ubao wangu, nikimtafuta naona miguu yake tu, na iko hewani. Jumamosi iliyopita aliniuliza, "Sasa nani ananiona?"

Nimelifikiria sana swali hilo. Naona kazi hii ni ya watu wawili: mmoja mbele, wa kuonekana, na mmoja nyuma, wa kuona. Wa mbele anahitaji magoti. Wa nyuma anahitaji macho, na subira ya kumtazama mtu mzima akianguka bila kumcheka. Hiyo subira huna, Shangazi, lakini unaweza kujifunza.

Siandiki haya ili kukuliwaza. Mimi sina macho yako, na Mwalimu anaendelea kuanguka.

Mwanao


9 Mei

Mwanangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia.

Barua zako zote zilifika. Kila nilipoanza kujibu nilijikuta nikiandika habari za goti, nikachoka nalo, nikaikunja karatasi. Hii ya mwisho haikuniuliza goti hata mara moja. Nimeisoma, nikaomba kiti, nikakaa dirishani kutwa.

Miaka yote nimefundisha peke yangu. Naonyesha, nageuka haraka, nakuta mtu ameshaanguka, nakisia kosa. Nikadhani ndivyo kazi ilivyo. Haikunipitia akilini kwamba palihitajika mtu nyuma.

Mwambie baba yako asimpe mtu yeyote banda. Natoka Alhamisi. Jikoni kuna kile kiti kisicho na mikono. Kipeleke mchangani, ukiweke nyuma ya wanafunzi, miguu yake uizamishe vizuri kisiyumbe. Ubao wangu usiuache mlangoni, mpe Nesi. Ule anaotumia ni mzito kwake.

Kuhusu Mwalimu, nahisi anaitazama miguu yake akiwa katikati ya kona. Lakini usimwambie bado. Nataka nimwone akianguka kwanza, nihakikishe.

Na ukinisikia nacheka, usigeuke.

Shangazi yako