Karatasi Uliyoiweka Ndani ya Biblia

Kaloleni, Nairobi
17 Oktoba 1985

Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Mguu wako umepata nafuu? Dada Norah na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, na safari hii nikisema wazima sisemi kwa adabu ya barua. Ushahidi ninao.

Jana Mama alitimiza mwaka mzima tangu moyo ulipomwangusha sokoni Gikomba akichagua blanketi. Tulirudi kwa Daktari Matheka, akampiga picha ya moyo mara ya pili kwa ile mashine isiyochoma wala kuumiza, inayoonyesha moyo ukicheza kwenye kioo kama cha televisheni. Mara ya kwanza nilifumba macho. Jana nilitazama. Daktari alinionyesha kwa kalamu kipande kidogo cha ukuta wa moyo kilicholegea, akasema kwingine kote kunakaza barabara, kama alivyotabiri mwaka jana. Anaandika daftarini picha ya kila mgonjwa na yaliyompata baadaye, na kati ya wale ambao moyo wao ulivimba na kulegea kote, ni wachache waliofikisha mwaka.

Mama alimwuliza kama sasa anaweza kubeba maji. Daktari alicheka, akamwambia abebe, ila asishindane na wasichana. Tulipofika Gikomba, Mama alishuka kwenye gari pale pale alipoanguka, akatembea hadi nyumbani akiimba, akinitania kwamba mwenye moyo mzima ndiye anayehema. Jirani yetu Mama Waithera alimpigia vigelegele, na waliokuwa wakifua uani wakaja kumshika mikono, povu na yote.

Sasa, Baba, naomba uketi kabla ya kuendelea.

Unakumbuka mwaka jana ulivyomtuma Baba mdogo Wekulo aje kumchukua Mama akafie nyumbani. Alifika wodini Jumatatu na tiketi mbili za basi, akaniuliza mbele ya wagonjwa wote kama kalamu yangu ya ukarani ndiyo itakayomponya shemeji yake. Wauguzi walikuwa wamenionya kwamba safari ya siku nzima ingeweza kummaliza. Wanijua, hata mkubwa wangu akikohoa naangusha faili. Lakini siku hiyo nilitoa karatasi mfukoni, nikamwambia kwamba picha ya moyo imeonyesha Mama ataishi, na mhuri wa hospitali ni huo hapo. Baba mdogo alivua kofia. Aliipokea kwa mikono miwili, akaomba akuletee. Norah ameniandikia kwamba uliiweka ndani ya Biblia na hutaki mtu aiguse.

Baba, karatasi ile ni ya Kiingereza, nami nilishukuru kwa hilo. Haisemi lolote kuhusu kuishi. Inasema Kezia Nabiswa afike chumba cha picha siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Picha ilikuwa haijapigwa. Nilikuwa nimewaahidi uhai nisioujua, na kama picha ingetoka mbaya, ningekuwa nimekunyima kumuaga Mama. Ilipotoka nzuri nilijifungia chooni nikalia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiogopa kukuandikia haya.

Nisamehe. Humu ndani nimetia majibu ya jana. Nimeyatafsiri mwenyewe neno kwa neno, na Daktari ameisoma tafsiri yangu na kuigonga mhuri. Nilimwambia Mama kwamba ile ya zamani sasa unaweza kuichoma. Alicheka mpaka nikaingiwa na hofu, akasema usiichome, zikae pamoja. Anasema pia umtafutie mpini mpya wa jembe, kwa sababu Desemba anakuja kwa basi lile lile, na kiti cha dirishani ni chake.

Nisalimie wote pale nyumbani, na Baba mdogo umsomee barua hii akiwa ameshiba.

Ni mimi mwanao,
Phares