Karatasi ya Udugu

Hann's Cove,
Januari 17, 2016

Mwanangu Leanna,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima na masomo yanakwenda. Mimi sijambo, ila goti la kushoto hunisumbua upepo ukitoka kaskazini, na wiki hii haujatoka kwingine. Barafu imejaa ghubani, feri imekosa safari mara mbili. Tunakunywa chai bila maziwa ya kopo na kulalamika, basi siku inaisha.

Nina neno. Mjomba wako Eli, katibu wetu, amesoma kwamba serikali inatoa tena ruzuku kwa vyama visivyo vya faida vinavyoajiri wanafunzi wa vyuo wakati wa kiangazi. Wao wanalipa mshahara wa wiki nane, sisi tunatoa kazi. Unajua Chama chetu cha Urithi hakina uwezo wa kumwajiri hata paka. Tuko wanachama watano, aliye mdogo kuliko wote ana miaka sabini na mbili, na hakuna anayepanda ngazi za makumbusho bila kupumzika katikati. Mwaka jana tulifungua siku sita tu. Wageni walishuka kwenye feri, wakachungulia dirishani, wakarudi zao.

Nimemwambia Eli tuombe nafasi moja, na mwanafunzi awe wewe. Utapokea wageni, utapanga picha za zamani, utarekodi hadithi za wazee kabla hatujazisahau wenyewe. Utalala chumba chako kilekile. Sijabadilisha kitu ila godoro.

Najua mama yako atataka uende Alberta, upande wa pili wa nchi, ukafanye naye kazi ya jikoni katika kambi ya wachimba mafuta, kama viangazi viwili vilivyopita. Simlaumu. Samaki wa biashara walipokwisha hapa, kila mtu alikwenda alikopata riziki. Lakini sijakutia machoni tangu ulipomaliza shule, na nyumba imekuwa kubwa mno kwangu.

Andika barua ya kuomba kazi, uitume kwangu kama mwenyekiti. Na uandike vizuri, usichakure kama kuku.

Ni mimi shangazi yako,
Tryphena

*

St. John's,
Februari 2, 2016

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni na koti mwilini. Mimi mzima. Pole na goti. Umwambie Eli akupasulie kuni, usijifanye kijana.

Nataka kuja. Sijui nikuambie vipi ninavyotaka. Chumba changu hapa kiko chini ya nyumba ya watu, dirisha linatazama magurudumu ya magari. Juzi mvua ilinyesha nikasikia harufu ya bahari, nikatoka nje bila kofia, kumbe ni mtaro. Nilirudi ndani nikalia kidogo, halafu nikajicheka.

Barua ya kuomba kazi nimeifunga pamoja na hii. Nilianza na "Mheshimiwa Mwenyekiti" nikaona nacheka peke yangu, nikafuta. Nimeandika "Shangazi mpendwa", kama kila mtu wa hapo anavyokuita. Wenzangu chuoni hawaelewi. Wananiuliza, inakuwaje shangazi aliyekulea si dada wa baba yako, wala wa mama yako, ni jirani tu? Hann's Cove sikuwahi kuulizwa swali hilo.

Msalimie Mjomba Eli na ukoo wake wa paka.

Mwanao,
Leanna

*

Hann's Cove,
Aprili 12, 2016

Mwanangu Leanna,

Salamu, na natumaini kikohozi alichonisimulia mama yako kimekuacha. Hapa hatujambo. Barafu imeanza kupasuka, na jana Eli aliona nyangumi, au aliona anachotaka kuona.

Nafasi tumepata. Ofisi ya ruzuku imetukubalia mwanafunzi mmoja, wiki nane kuanzia Juni ishirini. Nilipoisoma barua yao nilikwenda kutandika kitanda chako, ingawa ni Aprili.

Ila kuna jambo dogo. Wiki iliyopita mama mmoja wa ofisi hiyo alimpigia Eli simu. Ameona barua yako, tuliyoambatisha na maombi, imeanza na "Shangazi mpendwa", na kanuni haziruhusu viongozi wa chama kuwapa nafasi ndugu zao. Akamwuliza, "Huyu mwombaji ni mpwa wa mwenyekiti?" Unamjua Eli. Akajibu, "Ndiyo, na ni mpwa wangu pia." Yule mama akauliza, "Kwani ana wajomba na mashangazi wangapi hapo?" Eli akasema, "Mama, ukitoa wagonjwa na wale tusiosemezana nao, kama ishirini hivi."

Ilimchukua nusu saa kumweleza kwamba huku mtu mzima huitwa shangazi au mjomba kwa heshima, na kwamba damu yangu na yako hazijawahi kukutana. Yule mama alikuwa na adabu, akamwamini. Lakini kwa faili lake ametuma karatasi ya ukurasa mmoja nitie saini, irudi kabla ya Aprili kwisha. Imeandikwa hivi: "Mimi, mwenyekiti, nathibitisha kwamba mwanafunzi huyu si ndugu yangu wala si mtu wa familia yangu."

Nimeisoma mara tatu. Nimeiweka nyuma ya saa ya ukutani. Usijisumbue nayo, niachie mimi.

Shangazi yako,
Tryphena

*

St. John's,
Aprili 20, 2016

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, tena mzima kupita kiasi. Nimewaambia watu wote, hata dereva wa basi.

Mama nimempigia simu nikamwambia siendi Alberta mwaka huu. Akasema, "Mpelekee salamu Tryphena, mwambie asikupe kazi ya kupaka rangi uzio peke yako." Nadhani alikuwa analia. Yeye pia angependa kuwa hapo.

Karatasi itie saini, Shangazi. Ni maneno ya ofisi tu. Usiyafikirie, saini, bandika stempu, tuma. Mimi hata sitaisoma.

Kapelini, wale samaki wadogo wa fedha, wanakuja kutaga ufukweni lini hasa? Nataka niwepo wakifika. Nataka kusimama majini na ndoo, miguu ife ganzi, halafu unipigie kelele niingie ndani nile zile keki zako za mafuta ya nguruwe. Mwaka jana siku hiyo nilikuwa kambini naosha sufuria kubwa kuliko mimi.

Mwanao,
Leanna

*

Hann's Cove,
Mei 10, 2016

Mwanangu Leanna,

Salamu. Natumaini u mzima. Mimi sijambo, goti linaendelea.

Nimepaka rangi chumba chako, ya njano ile unayoipenda. Eli alinisaidia upande wa juu. Mambo ya karatasi yamekwisha.

Sina mengi leo. Macho yamechoka.

Shangazi yako,
Tryphena

*

St. John's,
Mei 27, 2016

Shangazi Tryphena,

Natumaini barua hii itakukuta mzima.

Jana niliipigia simu ofisi ya ruzuku nijue ni nyaraka gani nije nazo siku ya kwanza. Yule mama wa faili akaniambia, kwa upole, kwamba faili la Hann's Cove lilifungwa Mei mbili kwa sababu karatasi haikurudi. Nafasi imepewa chama kingine. Amesema aliandika mara mbili kukukumbusha. Kisha nikampigia Mjomba Eli. Alikuwa hajui chochote. Ulimwambia imekwenda posta.

Uliniandikia kwamba yamekwisha. Kumbe yalikuwa yamekwisha kweli.

Ni kwa nini? Ulitakiwa kuandika kwamba mimi si ndugu yako. Kwa damu ni kweli, na unajua, na mimi najua, na hakuna mtu wa hapo ambaye angeyajali maneno hayo. Saini moja tu, Shangazi. Ningekuwa hapo baada ya wiki tatu na siku chache.

Chumba hiki nakirudisha mwisho wa mwezi. Sina pa kwenda ila kambini kwa mama. Naondoka siku hiyohiyo.

Leanna

*

Hann's Cove,
Julai 3, 2016

Leanna,

Salamu. Anwani ya kambi nimeipata kwa mama yako. Aliponiambia unakula na unalala, nilishukuru. Barua hii nimeianza mara nyingi, na karatasi zote zimeishia jikoni motoni.

Nilikudanganya, na nilimdanganya Eli. Karatasi ilikaa nyuma ya saa. Kila asubuhi niliitoa, nikashika kalamu, nikairudisha. Tarehe ilipopita niliogopa kukwambia, nikapaka rangi chumba. Nilikuwa napaka chumba cha mtu nisiyemtarajia.

Nikueleze, ingawa si udhuru. Ulipokuwa na miaka kumi na mmoja na tumbo likakushika, tulikuvusha ghuba kwa mashua ya Eli mpaka hospitali. Mama yako alikuwa kazini Alberta. Muuguzi alisimama mlangoni akaniuliza, "Wewe ni nani wake? Hapa wanaingia ndugu tu." Nikasema, "Ni shangazi yake." Sikuona kama nasema uongo. Akanipisha. Nilikaa kando ya kitanda chako siku nne kwa neno hilo moja. Mimi sikuzaa, sina kitu kingine chenye jina langu duniani ila neno hilo, kisha serikali ikaniletea karatasi niliandikie kwamba si kweli. Mkono ulikataa.

Kapelini walifika Juni ishirini na nane. Ufukwe wote uling'aa. Nilikwenda na ndoo, nikasimama, nikarudi na ndoo tupu. Makumbusho yamefungwa. Feri ilileta watu kumi na mmoja Jumamosi, nikawatazama kutoka dirishani wakitikisa kufuli.

Nililishika neno, wewe ukaniponyoka. Nilikuwa na kiburi, na nilikosea. Ningeisaini leo mara mia. Nisamehe.

Naandika jina tu hapa chini, kwa kuwa na wewe uliandika jina tu.

Tryphena

*

Kambini, Alberta,
Julai 24, 2016

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, mama mzima, amenenepa kidogo na hataki kuambiwa. Goti linasemaje?

Barua yako niliisomea stoo, nimekaa juu ya gunia la viazi. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo, nisikufiche. Hapa hakuna bahari. Upepo ukivuma hauleti harufu yoyote. Natazama tarehe na kuhesabu ningekuwa nafanya nini hapo, sasa ningekuwa napanda ngazi na wageni, sasa Eli angekuwa ananidanganya kwenye kinasa sauti.

Ya hospitali sikuyajua. Nakumbuka tu kwamba kila nilipofumbua macho ulikuwepo.

Wiki iliyopita karani alitupa fomu wote. Ukipatwa na jambo, aarifiwe nani. Mama hakubaliki kwa sababu naye yuko kambini. Nikaandika Tryphena Hann. Palipoandikwa uhusiano nikaandika shangazi. Karani akauliza, "Wa upande wa baba au wa mama?" Nikamwambia, "Wa upande wa pili wa barabara." Akanitazama, akagonga muhuri, akamwita wa nyuma yangu.

Januari fomu za ruzuku zitatoka tena. Mwambie Eli aombe. Ile karatasi ikija, usiiweke nyuma ya saa. Andika kwamba mimi si ndugu yako, wala si mtu wa familia yako, wala hunijui, chochote wanachotaka. Nikane, Shangazi. Mimi nataka kuja nyumbani.

Mwanao,
Leanna