Kiwango cha Kumi na Sita

Kanyatsi, Bwera,
Wilaya ya Kasese.
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Aaron,

Tumsifu Yesu Kristo. Ni mimi dada yako Kahambu, nakusalimu kutoka huku mpakani. Mgongo unaendeleaje tangu wakutoe kwenye ile kazi ya kubeba nyama? Na Consolée, mimba haimsumbui? Mwambie mke wako asijifanye jasiri kwenye hiyo baridi yenu ya ughaibuni, avae soksi hata ndani ya nyumba.

Sisi tunapumua. Mguu wa Mama umevimba tena, lakini leo amekwenda kanisani na kurudi kwa miguu yake mwenyewe. Mimi bado nahangaika na chumvi, naitoa ziwani kule Kabatoro na kuiuza hapa Mpondwe siku za soko. Juzi mvua ilininyeshea magunia mawili njiani, yakayeyuka nikitazama.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu siwezi kusema haya, chumba chetu ni kimoja na Mama anasikia kila kitu. Nobert, yule fundi wa simu wa hapa sokoni, ataipiga picha akutumie. Isome ukiwa umekaa.

Unajua mwezi wa pili mdogo wetu Gracien alivuka mpaka kurudi kwetu Oicha, huko tulikokimbia vita, kuangalia shamba la kakao alilotuachia Baba, na baada ya siku nne simu yake ikazima. Mwezi wa nne ukampigia Mama, ukamwambia umemwona kwenye ile gemu uliyomfundisha, kwamba jina lake linaonyesha amecheza siku ileile. Tangu hapo Mama hajalia tena. Kila asubuhi, kabla ya chai, swali ni hilo: "Aaron anasema nini? Gracien amecheza?"

Ulituambia unamwandikia mule ndani hajibu, na kwamba wewe ukiamka huko yeye ameshatoka. Sikukulaumu. Lakini nilianza kujiuliza: huyu mtoto anayepata nafasi ya kucheza kila siku, anakosaje nafasi ya kumpigia mama yake?

Halafu Blasio, katekista wetu, akaja kukusanya majina ya marehemu yatakayosomwa kwenye misa za mwezi wa kumi na moja. Akauliza kwa upole kama tutaandika na la Gracien. Mama alisimama na mguu wake ule. "Jina la mutoto muzima haliandikwi kule," akamwambia, akaenda kukaa nje mpaka mgeni alipoondoka.

Ndiyo maana nilikuomba namba yake ya mule ndani. Hukuniuliza naitakia nini. Nilifungua hiyo gemu mwenyewe, Aaron, mimi muuza chumvi wa miaka thelathini na nane. Nobert aliniwekea kwenye simu, akaniambia sitaweza kuingia dunia ya mtu mwingine mpaka nifike kiwango cha kumi na sita. Nikadhani ni kazi ya siku mbili.

Kumbe kumi na sita ni mbali. Mwanzoni ni kukimbia majanini tu, unachuma maua na kufungua masanduku, nikaona mchezo wenyewe ndio huu. Baadaye nikajua kuna kazi nne za kila siku ambazo ukizikosa umebaki nyuma, na kuna nguvu inayojijaza yenyewe kama mtungi chini ya bati, usipoitumia inamwagika bure. Vito vya kuvutia bahati Nobert alinionya nivitunze. Nikavimaliza vyote Jumamosi moja, nikaambulia mikuki na panga ambazo hata hazikuwa na mtu wa kuzishika.

Kosa langu kubwa lilikuwa lingine. Nilikuwa na wapiganaji wanne, na kila nilichopata niligawa sawa: vitabu vya mafunzo, silaha, chakula. Wewe umekulia nyumbani, unajua. Kwa Mama hashibi mmoja wengine wakimtazama. Basi wote wanne wakabaki dhaifu sawasawa, na mnyama mmoja wa mawe akawa anawaua kila siku mahali palepale. Nilikwama kwenye kumi na mbili wiki tatu.

Nobert alipotazama alicheka mpaka akaweka chini bisibisi yake. "Sista, hii gemu haitaki huruma. Chagua mumoja, lisha yeye. Bale bengine acha." Nilikataa. Nilikasirika hata, nikaondoka na simu yangu. Kesho yake nikarudi, nikamchagua msichana wa upinde, nikawanyima wenzake kila kitu. Baada ya siku tisa nikafika kumi na sita. Cheka kama unataka, lakini roho iliniuma.

Nilimtumia Gracien ombi la urafiki, likakubaliwa. Ijumaa saa tisa alasiri, nikiwa kwenye kibanda cha Nobert, jina lake likawaka. Nikaomba kuingia, nikafunguliwa. Akasimama mbele yangu mule ndani, mpiganaji wa kupendeza, kila kitu chake kimekamilika.

Nikaandika, "Gracien, ni mimi Kahambu." Nikamwandikia tena kwa Kinande chetu cha nyumbani, nikimuuliza kama amekula. Ndipo maneno yakatokea: "Mimi siko Gracien. Hii simu nilinunua na gemu ndani yake. Pole mama."

Nilimuuliza alinunua wapi. Akasema sokoni Butembo, mwezi wa tatu, kwa mtu asiyemjua. Nilimuuliza kama ilikuwa na picha. Akasema fundi alikuwa amefuta picha zote, hii gemu tu ndiyo ilibaki na jina la mwenyewe. Kisha akaniuliza kama ningependa aache kucheza. Nikatoka.

Kwa hiyo yule unayemwona siye. Hakuwa yeye hata siku moja. Sikuandikii kukusuta, najua ulitupa ulichokiona na ulikitoa kwa upendo. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nimechoka kuficha. Blasio anafunga orodha tarehe thelathini. Nimejaribu mara mbili kumwambia Mama na mdomo umekataa. Wewe ndiye uliyemwambia yuko hai, neno hili kutoka kwangu hatalipokea. Nakuomba, mdogo wangu, mpigie Jumapili ijayo baada ya misa umwambie ukweli. Nitakuwa nimekaa karibu naye.

Mimi sina tumaini tena, sikufichi. Nataka tu asomewe misa kama wenzake.

Msalimie Consolée. Nobert na Blasio wanakusalimu. Mama kusoma hajui, kwa hiyo nayaandika haya yote mbele ya macho yake, naye ametulia anatazama kalamu inavyokwenda. Anakusalimu sana. Ameniomba niongeze neno lake, nami naliandika kama alivyolisema: "Ukimuona Gracien mule ndani, umuambie blanketi yake iko. Hatukupa mutu."

Mungu akuzungushie mkono wake huko uliko, na mtoto azaliwe salama.

Wako akupendaye,
dada yako Kahambu