Naomba Uchafu

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kalazwa. Jicho lake moja lilizimika zamani; lililobaki ndilo linapasuliwa kesho. Kaniachia samaki wake wa dhahabu, aliyenunuliwa na marehemu mumewe miaka kumi na moja iliyopita. Anaongea na yule samaki kuliko na mimi.

"Mkwe wangu, mlishe tu. Usijitie ufundi."

Sawa. Lakini tangi lile! Kokoto zina utelezi, sponji ya chujio nyeusi kama soli. Nimesugua vyote kwa sabuni, nikasuuza mara tano. Mke wangu kasema leo nimefanya la maana. Kichwa kikavimba.

Alhamisi, 6 Machi
Samaki kabaki juu, anatweta kama mimi nikipanda ngazi. Nimempelekea muuza samaki maji kwenye chupa. Katia matone ya kupimia — maji yamegeuka kijani. Amonia, kasema: sumu.

"Sponji uliosha?"
"Kwa sabuni!" Nilijisifu, jamani.
"Bosi, umefukuza wafanyakazi wote na kiwanda kinaendelea."

Kumbe kwenye ule utelezi wanaishi vijidudu. Wa kwanza hula amonia inayotoka kwa samaki, na kuigeuza nitriti — nayo sumu! Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye afadhali. Kuwarudisha ni wiki kadhaa. Labda nipate sponji chafu ya tangi la zamani. Zake mwenyewe muuzaji kazitia dawa juzi, hazifai.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekumbuka tangi la daktari wa meno, pale mapokezi. Nikaenda na ndoo.

"Naomba uchafu."
Dada wa mapokezi: "Jino lipi, mzee?"

Nikaeleza. Wagonjwa wawili wakahama viti. Daktari alicheka mpaka barakoa ikamshuka, lakini kanikatia nusu sponji. "Ole wako uioshe!" Nimeibeba kama yai.

Jumamosi, 8 Machi
Muuza samaki kapima tena: amonia imeshuka. Nitriti imepanda! Nabadilisha nusu ya maji asubuhi na jioni. Samaki kalala chini, ubavu ubavu. Mashavu yanapiga haraka. Mke wangu kaificha sabuni. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Machi
Mama karuhusiwa! Tulimtegemea Jumatano. Bandeji haitoki mpaka kesho. Hata viatu hajavua:

"Nipeleke kwake."

Nimemshika mkono, nikamkalisha mbele ya tangi. Akagonga kioo kwa kucha, mara mbili. Ndivyo wanavyoitana, kasema. Mzee, yaani samaki, hupanda mwenyewe, hubusu kioo.

"Amekuja?"

Pezi moja limetikisika. Basi.

Mke wangu kanitazama. Nimesema ngoja nichukue miwani. Miwani ninayo usoni. Niko jikoni, naandika nimesimama.

Anagonga tena. "Mkwe wangu? Amekuja?"