Mlango wa Ubavuni

3 Machi

Mdogo wangu,

U hali gani huko kwenye ujenzi wako? Mimi nipo, namshukuru Mungu, ila kile kidonda cha kukaa sana kimezidi. Jumatatu nilijikokota na kiti changu cha magurudumu hadi zahanati. Ngazi tisa. Nesi akasimama juu, akanitazama kutoka hukohuko, akasema mbona naonekana mzima. Nikamwambia kidonda kiko makalioni, hakiko usoni.

Nikazunguka ubavuni, nikakuta njia ya mteremko na mlango wazi. Ndani kulikuwa na foleni ya watu wa magongo na magurudumu, kimya kabisa. Nesi mwingine, mpole, akanisafisha kidonda. Mikono yake ilikuwa ya baridi mno, lakini nimepata nafuu.

Dada yako

18 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, wasiwasi ni juu yako. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mlango huo hauwezi kuwa wazi, maana niliuziba mwenyewe kwa matofali tulipokuwa tunamalizia jengo lile. Mkubwa wa kazi alitaka chumba cha eksirei upande ule. Mteremko tukauacha kwa sababu ulikuwa kwenye ramani. Wakaguzi wakaja, wakauona, wakaridhika. Siku ile nilikukumbuka wewe, na bado nikafyata mkia. Aibu hiyo ninayo hadi leo.

Tafadhali tafuta watu wakubebe ngazini.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Kidonda kinafunga vizuri, kwa hiyo acha utani wako wa matofali. Kubebwa nimebebwa sana, kama gunia, na mara moja wakaniachia nikaanguka. Hapa naingia kwa mikono yangu mwenyewe.

Jirani yetu, yule fundi viatu wa magongo, naye yumo kwenye foleni. Nikamtania kwamba mtaa mzima unasema amekufa. Hakucheka. Akasema alikuja na homa, akapanda mteremko, akakuta ukuta, akarudi nyumbani.

Alhamisi nalazwa.

Dada yako

11 Aprili

Dada,

Shikamoo, popote ulipo. Fundi viatu tulimzika kweli, siku zile ulipokuwa hoi kitandani; jeneza lake nililibeba kwa bega hili. Nilipopata barua yako nilipanda basi siku hiyohiyo, lakini nimechelewa. Chumba chako nyumbani kimefungwa. Hapa zahanati, alama za magurudumu yako zimepanda mteremko kwenye vumbi, zikaishia ukutani. Za kurudi hakuna.

Nimeweka sikio kwenye matofali yangu, nikasikia watu wanakohoa. Naogopa, dada. Nyundo ninayo mkononi na wahudumu wananitazama tu. Barua hii naipenyeza kwenye ufa. Nijibu kabla sijapiga.

Mdogo wako

Tarehe siijui

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imeniangukia mapajani. Usiogope, mimi siumwi tena, popote pale. Kidonda hakikuacha hata kovu.

Nimemuuliza nesi kama ukibomoa nitatoka. Amesema sisi tuliomo hatutoki, ila watakaokuja baadaye wataingia huko kwenu na kutibiwa mchana, na watu wenye mikono ya moto. Nimelia kidogo, sikufichi. Kisha nikawauliza wenzangu kama ubomoe, na wote wamekubali.

Basi piga, mdogo wangu. Ila huo mlango utakaouweka uwe mpana. Kuna viti vikubwa kuliko changu.

Dada yako