Gauni Ulilolisifu

Dada mpenzi,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji na wanangu. Vipi mgongo, umepoa? Mimi kwa nje mzima. Ya ndani ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Mama ameniambia umeshapanga siku kwa yule daktari aliyenikuza matiti, eti unataka kifua kama changu. Tafadhali soma hadi mwisho kabla hujaenda.

Titi la kushoto limekuwa gumu na limepanda juu. Nilimrudia daktari huyo. Hakuligusa wala kulitazama vizuri. Alicheka tu, akasema ni jambo dogo, atanipasua tena bure, wiki hiyo hiyo. Bure! Mimi ni fundi cherehani, dada. Fundi anayekimbilia kufumua nguo bila hata kuitazama anajua alichoficha kwenye bitana. Nilipoomba kipimo, akanuna. Nilipotaja daktari mwingine, akanisihi nisimwonyeshe mtu mwingine kazi yake. Hapo machale yakanicheza.

Nikaenda kwa daktari mwingine, mama mmoja asiye na haraka. Alinieleza kwamba mwili hujenga kovu kuuzunguka mfuko wa silikoni uliowekwa ndani ya titi, na kwa wengine kovu hilo hukaza na kuubana, hata kama daktari hakukosea. Tena mifuko hiyo si ya maisha, wengi hurudi kupasuliwa. Na upasuaji wa kurekebisha ni mgumu kuliko ule wa kwanza, maana nyama imeshakatwa ikapungua. Yote hayo yule bwana aliyajua, na hakunidokezea hata moja. Kisha huyu mama akanipima. Mfuko wa kushoto umepasuka.

Nilishikwa na hasira hadi nikalia. Mpaka sasa najiuliza kama yule bwana alitaka kunirekebisha au kuutoa mfuko uliopasuka kimyakimya nisijue. Nimekubali huyu mama aniondolee mifuko yote miwili, asirudishe kitu. Naogopa sana. Njoo ukae nami.

Nisalimie shemeji, na watoto wabusu mmoja mmoja, hata yule mkorofi.

Limebaki moja, na nimeona haya kulitanguliza. Lile gauni nililovaa harusini, ulilolisifu ukasema kifua kimekaa kama cha kuchonga, upande wa kulia nilijaza sponji ndani ya bitana ulingane na wa kushoto. Siku hizi nguo zangu zote ziko hivyo. Kifua unachokitamani, dada, daktari hakukitengeneza. Nimekishona mimi.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi