Kurasa Zilizoshonwa

Jumanne, Nyarero

Bado sijaukata uzi.

Tulikuwa na mchezo wetu, mimi na Shija, mchimba dhahabu aliyepanga chumba cha jirani. Kila mmoja anamchagulia mwenzake kitabu ambacho mwenyewe asingekigusa. Nilimpa riwaya za mapenzi. Alisoma akinung'unika, halafu akauliza kama kuna nyingine. Yeye alinipa za upelelezi, na kila mara nilianzia mwisho, nimjue muuaji, nipumzike.

"Bhoke, wewe kusubiri hujui," alisema aliponiletea kitabu hiki. Jana yake aliazima sindano na uzi mweusi kwenye cherehani yangu, nikadhani anashona suruali. Kumbe kashona kurasa za mwisho zikashikana.

Nilikasirika, sikumuaga vizuri. Akaondoka na wenzake kwenda machimbo ya Chunya, na simu yake haipatikani tangu hapo. Kuna siku naogopa shimo limemfunika. Kuna siku naogopa yuko salama tu, amenisahau.

Leo nimefika kwenye uzi. Nimesoma polepole, nikarudia hata sura zilizonichosha, ili nisifike. Muuaji nadhani ni daktari. Sijali tena.

Nikimaliza, zamu ya kuchagua ni yangu. Kitabu chake nimeshakipata, cha mapenzi ya mjane na mwalimu wa kwaya, nimekifunga kwenye gazeti. Nitampelekea wapi?

Jioni mama ameniona nimeshika mkasi juu ya kitabu, akauliza fundi mzima anashindwaje kukata uzi.

Nimemwambia mkasi ni butu.